Kutoka Minyororo Hadi Jembe

Mtu akipatwa na wazimu, jamaa zake hufanya nini? Wengine humwita mfumu, wengine humfunga kamba asije akawaumiza wenzake. Watu wa Ulaya nao walifanya vivyo hivyo. Sikilizeni habari zao.

Katika mji wa Gent, nchi ya Ubelgiji, wenye wazimu walifungwa minyororo ndani ya ngome ya kale. Mwaka 1815 Padri Peter Joseph Triest aliwafungua, pamoja na Mabruda wa Mapendo, shirika aliloliunda mwaka 1807. Lakini kufunguliwa siyo kupona. Mwaka 1828 wagonjwa wale waliwekwa chini ya daktari Joseph Guislain. Huyu hakubahatisha: aliwachungua wagonjwa, akaandika vitabu, akawafundisha madaktari vijana. Alisisitiza kwamba kazi inayomfaa mgonjwa, ya bustani au ya ufundi, ni sehemu ya dawa yake.

Wazo hilo baadaye likawa elimu kamili. Mwaka 1917, huko Marekani, watu wachache waliunda chama cha wenye kutibu kwa kazi. Kazi wanayoisema siyo ya mshahara tu. Kuoga, kupika, kufuma, kulima, hata kwenda sokoni, yote ni kazi. Mtibabu hutazama kwanza mgonjwa anaweza nini, humpa kazi ya kiasi chake, kisha humpima tena na kumwongezea.

Mabruda walifika Kongo mwaka 1911. Katika nchi zetu za Maziwa Makuu wakafungua hospitali za wagonjwa wa akili: Ndera nchini Rwanda mwaka 1972, Kamenge nchini Burundi mwaka 1981, na Sosame mjini Bukavu mwaka 1994. Huku Goma kituo chao kiliitwa Tulizo Letu.

Jina hilo lilifaa kweli. Mwaka 1994 Goma ilipokea wakimbizi maelfu kwa maelfu, na kipindupindu kikawaua wengi. Mwaka 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji. Januari 2025 vita viliingia hadi mitaani. Wako waliotoka salama mwilini, lakini usingizi umewakimbia.

Hapo ndipo elimu ya Gent haitoshi. Mkulima wa Masisi aliyekimbia shamba lake atapewa kazi gani katika mji uliojengwa juu ya mawe ya volkano? Vidonge vitamtuliza, havitamrudishia jembe. Jibu halimo katika vitabu vya Ulaya. Watalipata wauguzi na watibabu wa hapa, wakiwachungua wagonjwa wao, wakiandika wanayoyaona na kuendelea kujifunza. Elimu haina mwisho.

Nasi majirani tuna sehemu yetu. Mgonjwa akirudi nyumbani, mara nyingi twamwambia kwa huruma: «Wewe kaa tu, pumzika.» Huruma hiyo yaweza kumrudisha kitandani. Mpeni maharagwe achambue, mpeni ndoo akateke maji. Akimaliza, mshukuruni kama mnavyomshukuru mtu mwingine yeyote.