Kilomita za Karatasini na Kilima cha Nakasero

Magari mengi yanayopanda kilima cha Nakasero kila asubuhi yalianza maisha yake Japani. Yalipoletwa Kampala yalikuja na takwimu ambayo mnunuzi haachi kuiuliza: gari linakwenda kilomita ngapi kwa lita moja? Katika insha hii nitaeleza takwimu hiyo ilikotoka, na kwa nini dereva wa Kampala akiitegemea peke yake atapata hasara.

Serikali zilianza kuyatilia mkazo matumizi ya mafuta baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973. Mwaka 1975 Marekani ilipitisha sheria ya kuwawekea watengenezaji viwango. Ili magari yalinganishwe kwa haki, kila gari lilipimwa ndani ya maabara, magurudumu yakizunguka juu ya rola, kwa ratiba ileile ya kuongeza na kupunguza mwendo. Kipimo cha Japani cha mwaka 1991, kilichoitwa 10-15, kilichukua dakika 11 na kilomita 4.16 tu. Mwendo wa wastani ulikuwa kilomita 22.7 kwa saa, na haukuzidi 70. Injini ilikuwa imekwisha kupata moto, na rola hazina mlima.

Pengo kati ya maabara na barabara lilionekana mapema. Marekani ilipunguza takwimu zake kuanzia magari ya 1985: asilimia 10 kwa mjini na 22 kwa barabara kuu. Ulaya, watafiti wa ICCT walikuta pengo la asilimia 9 hivi mwaka 2001. Kufikia 2015 lilikuwa 42. Kodi na sheria zilipoifuata takwimu, watengenezaji walijifunza kuufaulu mtihani, kama mwanafunzi anayeyajua maswali kabla ya kuingia chumbani. Wengine walivuka mpaka: Aprili 2016 Mitsubishi ilikiri kuchezea data za mafuta. Hata hivyo, udanganyifu si chanzo kikuu cha pengo. Sehemu kubwa yake ilikuwa halali kabisa, na kwangu hilo ndilo jambo zito zaidi.

Japani ilileta kipimo kikali zaidi, JC08, mwaka 2011, nayo Ulaya ikaleta WLTP mwaka 2017. Lakini Kampala hununua magari yaliyotumika. Sheria ya Uganda ya 2018 ilipiga marufuku kuingiza magari yaliyozidi miaka 15, na bado magari yaliyopimwa kwa 10-15 yaliendelea kuingia kihalali, yakiwa na takwimu za ujana wake.

Nakasero yenyewe ina historia inayokula petroli. Wakoloni waliweka ofisi na makazi yao juu ya kilima, biashara na soko vikawa chini. Mpaka leo watu hupanda na kushuka kutwa nzima. Mafuta yanayochomwa wakati wa kupanda hayarudi wakati wa kushuka, kwa kuwa breki huyageuza kuwa joto. Kwenye foleni chini ya kilima, injini inanguruma na kilomita ni sifuri.

Anayeumia ni dereva wa spesheli, anayepatana nauli na abiria kabla ya kuondoka. Tuseme karatasi inasema kilomita 18 kwa lita, naye huendesha kilomita 90 kwa siku. Atatarajia kutumia lita 5. Gari likitoa kilomita 10 tu, atatumia lita 9, na lita 4 zilizozidi zitatoka katika chakula cha nyumbani. Januari 2022, madereva wa malori walipogoma mpakani kwa sababu ya vipimo vya UVIKO na petroli ikapanda bei, kila lita ya namna hiyo iliuma zaidi.

Katika somo la historia tunafundishwa kuuliza hati iliandikwa na nani, kwa ajili ya nani, na kwa nini. Takwimu ya mafuta nayo ni hati. Iliandikwa ili kulinganisha gari na gari, na kwa kazi hiyo bado inafaa mtu anapochagua. Kwa kupanga nauli, dereva ajaze tangi, aandike kilomita, aendeshe wiki nzima, ajaze tena, kisha agawanye kilomita kwa lita. Daftari lake litakuwa hati ya Kampala.