Je, Pokémon Bado Ina Ladha?

Leo sina kodi ya kuwaonyesha, nina hadithi tu. Jumapili iliyopita mpwa wangu wa miaka 9 alinikuta nikicheza Pokémon ya zamani kwenye simu, ile ya rangi ya kijivu ambayo picha zake ni viraba vitupu. Akatazama kama dakika 2 hivi, kisha akaniuliza: "Mjomba, kwani hii mliipendea nini?"

Nikafungua mdomo, jibu likakosa. Mimi naandika programu kila siku, digrii ya sayansi ya kompyuta ninayo, na mchezo huu nimeucheza tangu shule ya msingi. Nikaona aibu kidogo. Basi nimeketi kulitafuta jibu, na nimeona kwamba lazima turudi Japani, kabla mimi sijazaliwa.

Mwanzilishi wa mambo haya anaitwa Satoshi Tajiri (naam, Tajiri, na si Mswahili!). Alizaliwa 1965, akakulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, wakati mashamba na vidimbwi vilikuwa bado vipo. Shughuli yake kubwa ilikuwa kukamata wadudu, hata wenzake wakambandika jina la Daktari Wadudu. Sisi tuliowahi kukimbizana na kumbikumbi baada ya mvua tunamwelewa bila maelezo. Lakini mji ukapanuka, vidimbwi vikafukiwa, na wadudu wakatoweka. Tajiri akahamia kwenye michezo ya video. Mwaka 1983 akaanzisha kijarida alichokiandika kwa mkono na kukibana kwa stepla, akakiita Game Freak. Mchoraji Ken Sugimori akajiunga naye, na mwaka 1989 kijarida kikageuka kampuni.

Mwaka huo huo Nintendo wakatoa Game Boy. Mashine yenyewe ilikuwa dhaifu, lakini ilikuwa na tundu la waya wa kuunganisha mashine mbili. Wengine waliuona waya ule kama njia ya kushindana, mfano katika Tetris. Tajiri akaona wadudu wakitambaa ndani yake kutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine. Inasimuliwa pia kwamba walipokuwa wakicheza Dragon Quest II, Sugimori alipata kifaa adimu mara mbili na Tajiri hakukipata hata mara moja. Akajiuliza, kwa nini rafiki yangu asiweze kunipa kimoja?

Wazo hilo liliwachukua miaka 6. Pesa karibu ziwaishie, na baadhi ya wafanyakazi wakaondoka. Red na Green zilipotoka Japani tarehe 27 Februari 1996, Game Boy ilikuwa tayari inahesabiwa kuwa mashine ya kizamani. Lakini tazama walivyoupanga mchezo. Walitoa matoleo mawili karibu sawa kabisa, ila kila moja lilikosa viumbe fulani vilivyomo katika jingine. Isitoshe, viumbe 4, yaani Kadabra, Machoke, Graveler na Haunter, havifikii umbo lao la mwisho mpaka umpe mtu mwingine kupitia waya. Hata ucheze usiku kucha, peke yako humalizi!

Hapa ndipo naingia mimi. Sikuwahi kumiliki Game Boy. Niliijua Pokémon kwenye saiba ya mtaani, bob moja kwa dakika, kupitia emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta ijifanye Game Boy. Nilihifadhi mchezo wangu kwenye flashi niliyoificha ndani ya soksi. Nilimfuga Haunter mpaka akapita kiwango cha 60, nikisubiri awe Gengar. Hakuwa. Nilidhani flashi ina virusi. Kumbe nilikuwa nacheza mchezo wenye mlango mmoja uliofungwa, na ufunguo alikuwa mtu wa pili.

Nilipofika chuo kikuu nikapata jibu jingine la kizushi, jibu la ufundi. Nilikuwa nawahubiria wenzangu hivi: kaseti ya kwanza ilikuwa na kilobaiti 512 tu, na ndani yake wakatia viumbe 151. Huyo wa 151, Mew, aliingizwa na mwandishi wa programu Shigeki Morimoto dakika za mwisho, baada ya zana za kutafutia hitilafu kuondolewa na kuacha nafasi ya baiti 300 hivi. Baiti 300, ndugu zangu, ni kama SMS mbili! Na walipotengeneza Pokémon Stadium, Satoru Iwata, ambaye wakati huo alikuwa rais wa HAL Laboratory na si mwajiriwa wa Game Freak, aliisoma kodi ya Red na Green na kuuhamishia mfumo wa mapigano kwenye Nintendo 64 kwa muda wa wiki moja. Nikawa nasema: zamani watu walijua kazi, siku hizi ni uvivu mtupu.

Ushahidi wa kunisaidia haukukosekana. Mwaka 2019, Sword na Shield zilitoka bila kuruhusu viumbe vyote vya zamani, na mashabiki wakawaka. Mwaka 2022, Scarlet na Violet zilitoka picha zikikwamakwama na wahusika wakizama ardhini, hadi Nintendo wakaomba radhi.

Lakini hoja yangu ina tundu, na mtu aliyesoma kompyuta hapaswi kulificha. Red na Green zenyewe zilijaa hitilafu. Mashambulizi ya aina ya Ghost yalitakiwa kuwaumiza viumbe wa aina ya Psychic, lakini kwenye kodi hayakuwafanya lolote. Focus Energy ilitakiwa kukuongezea nafasi ya pigo kali, ikawa inaipunguza! Na MissingNo. je? Katika matoleo ya Kiingereza, Red na Blue, mzee mmoja hukuonyesha jinsi ya kukamata kiumbe, na kwa muda huo mchezo huliweka jina lako mahali panapokaa orodha ya viumbe vya porini. Ukienda moja kwa moja kuogelea ufukweni mwa kisiwa cha Cinnabar, herufi za jina lako husomwa kama viumbe. Hapo hutoka kitu cha ajabu, na kifaa cha 6 kwenye mfuko wako huongezeka ghafla. Mimi ningeipeleka kodi kama hiyo kazini, ningeambiwa nirudi nayo mezani.

Kwa hiyo siwezi kusema ladha ilitokana na ufundi safi. Na siwezi kusema imekwisha, maana hesabu inakataa: hizo hizo Scarlet na Violet zilizolalamikiwa ziliuza nakala zaidi ya milioni 10 katika siku 3 za kwanza. Viumbe 151 sasa vimepita 1,000. Watu wanaipenda bado.

Basi kilichobadilika ni nini? Nadhani ni ule waya. Hitilafu ya MissingNo. ilisafiri kwa mdomo. Mtoto alimwambia mwenzake, mwenzake akabisha, wakaketi pamoja kuhakikisha. Mew naye alitangazwa na jarida la CoroCoro kama zawadi ya wasomaji 20 tu, na uvumi ukafanya kazi iliyobaki. Mchezo ulikuwa kwenye kaseti, lakini nusu yake ilichezwa midomoni mwa watoto. Kisha mwaka 2006, Diamond na Pearl zikaleta kubadilishana kupitia intaneti na mtu usiyemjua popote duniani. Ni jambo zuri, sikatai, hasa kwa mtoto asiye na mwenzake karibu. Ila lile hitaji la kumtafuta jirani likapungua.

Na angalia kilichotokea Julai 2016, Pokémon Go ilipotoka. Ulikuwa mchezo mwepesi, hata kubadilishana haukuwa nako, lakini uliwatoa watu nyumbani, wakajazana bustanini wakiulizana, "Umemwona wapi?" Kubadilishana kulipoongezwa mwaka 2018, watengenezaji waliweka sharti kwamba wachezaji wawe karibu, ndani ya mita 100. Baada ya miaka 22, waya ulirudi bila waya.

Haunter wangu? Siku moja hosteli, mwenzangu wa chumba aligundua kwamba emuleta ya simu inaweza kuigiza ule waya kwa Bluetooth. Tuliweka simu mbili kitandani, tukashika pumzi. Haunter akaondoka kwangu, akaonekana kwake, akaanza kubadilika. Gengar! Tulipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Nilikuwa nimengoja karibu miaka 8. Kisha ikabidi nimbembeleze anirudishie, na yule bwana akaniuzia Gengar wangu mwenyewe kwa chapati mbili.

Ndiyo maana nilikosa jibu la Jumapili. Nilikuwa natafuta kitu cha kumwonyesha kwenye skrini, na kwenye skrini hakuna. Jibu langu ni kwamba ladha ipo bado, lakini hupikwa na watu wawili. Kampuni inaweza kuongeza viumbe hadi 2,000, au ikaharakisha toleo ili liwahi Krismasi, na mauzo yasitikisike. Ila mtoto anayecheza peke yake chumbani atauliza lile swali la mpwa wangu, na atakuwa na haki.

Jumamosi anakuja tena. Nimeshaiweka Blue kwenye simu ya zamani ya mamake, na Red ninayo mimi. Sitamwambia habari za Haunter. Nitamwacha amfuge mpaka aanze kushuku kwamba simu ina virusi.

Haya, tuonane wiki ijayo.