Asili na Kisomo: Gershom Sizomu na Elimu ya Kiebrania katika Afrika ya Mashariki

Katika nyanda za chai za Kericho na Bomet, masimulizi ya Wakipsigis huitaja Emetab Burgei, nchi ya joto, kuwa ndiyo chimbuko la mababu. Wasimulizi wengi huifasiri nchi hiyo kuwa ni Misri. Baada ya Biblia kuingia kwa njia ya misheni, Misri ya wazee na Misri ya Musa zilianza kusomwa pamoja, na wapo waliohitimisha kwamba Wakalenjin ni ndugu wa Waisraeli. Hoja hiyo huegemea asili. Makala haya yanailinganisha na mfano wa Mbale, mashariki ya Uganda, ambako uhusiano na Uyahudi ulijengwa juu ya kisomo.

Semei Kakungulu, mwasisi wa jumuiya ya Abayudaya, hakuhitaji nasaba. Aliisoma Biblia ya Kiluganda, akashika sheria za Agano la Kale, na mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha sala na maagizo kwa Kiluganda. Hivyo msingi wa jumuiya hii ulikuwa tafsiri, na upungufu wake ulikuwa huohuo: matini ya Kiebrania yenyewe ilibaki mbali. Kakungulu alifariki mwaka 1928. Katika miaka ya 1970 utawala wa Idi Amin uliipiga marufuku dini hiyo, na waumini wengi wakaiacha.

Kazi ya Gershom Sizomu, mjukuu wa kiongozi Samson Mugombe, ilikuwa kuuziba upungufu huo. Baada ya mamia ya Abayudaya kupokewa rasmi na marabi wa madhehebu ya Conservative mwaka 2002, Sizomu alikwenda Los Angeles kusoma katika chuo cha marabi cha Ziegler. Alitawazwa kuwa rabi mwaka 2008, akarejea Nabugoye kufundisha Torati na Kiebrania. Mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Umuhimu wake kwa mhakiki ni kwamba alimtoa msomaji kwenye tafsiri akamfikisha kwenye matini asilia, bila kuzitupa zaburi zinazoimbwa kwa Kiluganda.

Mfano huu unadai nini kwa mtafiti wa Kericho? Kwanza, kufanana kwa desturi si ushahidi wa undugu; tohara ni mila ya mataifa mengi. Pili, Kikipsigis ni lugha ya Kiniloti na Kiebrania ni ya Kisemiti, kwa hiyo maneno mawili yanayolingana kwa sauti hayathibitishi kitu. Anayetaka kuipima hoja ya Misri hana budi kujifunza lugha za pande zote mbili. Hata hivyo, simulizi la Emetab Burgei halitegemei ushindi wa hoja hiyo ili liwe na thamani. Ni fasihi ya watu wanaojieleza walikotoka, nalo lastahili kusomwa kwa lugha yake lenyewe kabla ya kukopeshwa nasaba ya wengine.