Mganga Hajigangi, Hata Akiwa Kompyuta

Mwaka juzi nilinunua laptopu ya mtumba, zile tunaita ex-UK. Fundi akaniwekea Windows kutoka kwa flashi yake, akaongeza na programu ya kuzuia virusi, "ya bure, usijali." Miezi miwili baadaye, akaunti ninayowekea video zangu ikaingiliwa na mtu nisiyemjua. Nikafungua ile programu ya kuzuia virusi, nikaiambia ikague mashine yote. Ikakagua saa nzima, kisha ikaniletea alama ya kijani: uko salama. Nikabadilisha nywila. Wiki hiyo hiyo wakaingia tena.

Binamu yangu anayeelewa haya mambo alicheka sana. "Sasa wewe unamuuliza mwizi kama kuna mwizi ndani ya nyumba?" Akaja na flashi yake yenye mfumo safi, akaiwasha laptopu kutoka kwa hiyo flashi bila kuigusa Windows yangu, halafu akaikagua diski akiwa nje yake. Nusu saa tu, akampata mgeni. Alikuwa amejipanga kuamka kabla ya Windows yenyewe.

Nilidhani huo ni ujanja mpya. Kumbe hii vita ina umri wa kunizidi, na historia yake ndiyo imenifanya niandike leo.

Kwanza elewa hivi: kompyuta haiamki mara moja. Ukibonyeza kitufe, programu ndogo iliyo kwenye chipu ya bodi ndiyo huamka kwanza. Hiyo huita programu nyingine ndogo iliyo mwanzoni mwa diski, nayo huita Windows au Linux, halafu ndio programu zako zinakuja, ikiwemo ile ya kuzuia virusi. Kila mmoja anamwamini aliyemtangulia. Kwa hivyo aliyeamka mapema ndiye anaamua waliochelewa wataona nini.

Mwaka wa 1986, ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliandika virusi vinavyoitwa Brain. Ndivyo huhesabiwa kuwa vya kwanza vya kompyuta za aina ya IBM PC. Hawakujificha hata, waliweka majina yao, anwani na nambari za simu ndani yake. Walisema walitaka kulinda programu yao ya matibabu isinakiliwe ovyo. Lakini angalia walichofanya: Brain ilikaa katika sehemu ya kwanza ya diski ya flopi, pale pa kuwashia, ikaihamisha ile programu halali mahali pengine. Ukiomba kusoma pale mwanzoni uone kama kuna kitu kibaya, Brain inakudaka njiani na kukuonyesha ile nakala safi. Yaani virusi vya kwanza kabisa vya PC tayari vilijua kudanganya mkaguzi!

Dawa ya wakati huo ilikuwa ya kienyeji lakini ya akili. Unakuwa na flopi moja safi, unaziba kile kipengele cha pembeni kwa kikaratasi ili isiandikwe kitu, na ukishuku mashine, unaizima na kuiwasha kwa hiyo flopi. Ndicho binamu yangu alichofanya, miaka karibu 40 baadaye, tofauti ni flashi tu.

Miaka michache kabla ya Brain, Mmarekani Ken Thompson, mmoja wa waliounda mfumo wa Unix, alikuwa ameshatoa onyo katika hotuba yake ya kupokea tuzo ya Turing. Alieleza jinsi ya kuharibu ile programu inayogeuza maandishi ya mwanaprogramu kuwa lugha ya mashine, ili ipachike mlango wa siri ndani ya programu nyingine, na ijipachike yenyewe kila inapotengenezwa upya. Hata ukisoma maandishi yote mstari kwa mstari, hutaona kitu. Somo lake ni gumu: kukagua hakusaidii ikiwa chombo unachokagulia ndicho kimeharibika.

Ushahidi ukaendelea kuja. Tarehe 26 Aprili 1999, virusi vya CIH vilifuta data na kujaribu kuharibu hata ile programu ya kwenye chipu ya bodi, mashine nyingine zikakataa kuwaka kabisa. Mwaka wa 2005, Mark Russinovich alikuta kwenye kompyuta yake programu iliyokuwa ikificha kila faili ambalo jina lake lilianza na "$sys$". Ilitoka kwenye sidii ya muziki ya kampuni ya Sony BMG. Aliigundua vipi? Kwa kulinganisha: Windows inasema kuna faili gani, na diski yenyewe ikisomwa moja kwa moja inasema nini? Majibu yasipofanana, kuna mtu anadanganya.

Sasa suluhisho. Mwaka wa 1997, William Arbaugh, David Farber na Jonathan Smith walipendekeza mfumo walioupa jina AEGIS. Wazo lake ni rahisi: kila hatua ya kuwaka imkague anayefuata kabla ya kumpa usukani, kuanzia kwenye chipu. Wazo hilo likazaa njia mbili tunazotumia leo, na nitazieleza kwa soja wa geti.

Soja wa kwanza ni Secure Boot, iliyoenea kuanzia 2012 pamoja na Windows 8. Huyu huangalia muhuri. Huna muhuri unaotambulika, huingii. Soja wa pili ni chipu ya TPM. Huyu hamzuii mtu, ila anaandika kila aliyepita kwenye kitabu cha wageni, tena kitabu ambacho ukurasa hauchaniki: kila alama mpya inachanganywa na zilizotangulia, kwa hivyo hata ukiingia baadaye huwezi kufuta jina lako. Kisha mtu wa nje anaweza kuomba hicho kitabu na kujisomea mwenyewe. Umeona? Hatuiulizi tena mashine "uko sawa?" Tunauliza kitabu.

Je, tumemaliza kazi? Wapi! Mwaka wa 2018 kampuni ya ESET ilieleza kuhusu LoJax, iliyokaa kwenye chipu ya bodi, hata ubadilishe diski bado iko. Mwaka wa 2023 wakaeleza BlackLotus, iliyompita yule soja wa muhuri kwenye Windows 11 yenye masasisho yote. Ilitumia programu ya zamani ya kuwashia, yenye kasoro inayojulikana, lakini yenye muhuri halali ambao haukuwa umefutwa. Soja alifanya kazi yake vizuri, ni orodha ya waliopigwa marufuku ndiyo ilikuwa imechelewa.

Na kuna swali lingine ambalo watu wa Linux waliliuliza mapema: nani anashika muhuri? Kwenye kompyuta nyingi ni Microsoft, na wasambazaji wa Linux walilazimika kuomba programu yao ya kuwashia igongwe muhuri huo. Malalamiko yao nayaelewa. Nyumba ni yangu, lakini soja anapokea amri kutoka kwa mtu mwingine.

Hata hivyo, msimamo wangu ni huu: soja mwenye kasoro ni bora kuliko geti wazi. Kwenye laptopu yangu, binamu aliingia kwenye mipangilio ya kuwashia akakuta Secure Boot imezimwa. Huenda ni fundi aliizima ili flashi yake ikubali kuwaka. Kisha hakuirudisha, na mimi sikujua hata kama kuna kitu cha kurudisha. Nililipia laptopu, nikapewa na geti wazi juu yake.

Kwa hivyo leo, kama unatumia Windows, andika msinfo32 pale pa kutafutia, fungua, tafuta mstari wa Secure Boot State. Ukikuta Off, muulize fundi wako kwa nini, na usikubali jibu la "usijali". Na ukishuku mashine yako, usiiombe ijitetee. Tafuta flashi safi, iliyotengenezwa kwenye kompyuta nyingine unayoiamini, uikague ukiwa nje.

Wazee walisema mganga hajigangi. Mimi nimelipia hilo somo kwa akaunti iliyonichukua miaka mitatu kuijenga. Wewe lichukue bure.