Kiko, Maji na Harufu ya Tumbako: Habari za Pwani ya Kusini

Mtu atokaye Lindi kwa njia ya nchi kavu, akiazimia kwenda Masasi au Mtwara, hana budi kwanza kuizunguka hori ambayo mto Lukuledi huingilia baharini, na katika kuizunguka huko hupita Mingoyo. Mahali hapa ni padogo, lakini ni pa njia, na historia ya mahali pa njia huandikwa na mizigo ipitayo. Wanahistoria wameizungumza sana mizigo mikubwa ya pwani hii, yaani pembe na watumwa. Katika insha hii nataka kuuzungumza mzigo mdogo, ambao mpagazi aliweza kuutia kwapani: mzigo wa tumbako.

Sababu ya kuuchagua ni hii. Siku hizi mijini wako vijana wavutao mvuke badala ya moshi, kwa chombo kiendeshwacho na umeme. Wengine, wasiporidhika na maji yauzwayo dukani, hujitengenezea wenyewe: huikata vipande sigara nene ya majani matupu, huiloweka katika majimaji mazito mpaka rangi na harufu zitoke, kisha huchuja. Juu ya jambo hili husemwa maneno mawili. La kwanza, kwamba ni jipya kabisa. La pili, kwamba ni safi kwa sababu halina moto. Yafaa tujiulize kama pwani yetu haina ushahidi wake juu ya maneno hayo.

Tumbako si mmea wa kwetu. Asili yake ni Amerika, na bara zetu hazikuujua kabla ya Columbus kuvuka bahari mwaka 1492. Wareno waliifikia Kilwa mwaka 1500, wakaiteka mwaka 1505, na hapana shaka kwamba merikebu zao zilikuwa miongoni mwa zilizoeneza mmea huu katika Bahari ya Hindi. Hata hivyo, jina letu linakaribiana zaidi na lile la Wahindi na Waajemi, watamkao tambaku na tanbaku, kuliko lile la Wareno. Kwa hiyo nadhani neno lilitufikia kwa vinywa vya wafanyabiashara wa mashariki, hata kama mbegu ilitoka magharibi.

Mmea huo haukukaa pwani tu. Padri Yohanna Abdallah, Myao aliyeandika habari za watu wake kwa lugha yao wenyewe, kitabu kilichopigwa chapa Zomba mwaka 1919, aeleza kwamba Wayao wa kale walishuka pwani wakichukua tumbako, majembe na ngozi, wakarudi na chumvi, nguo na shanga. Hapa msomaji na atue kidogo. Njia ambayo baadaye iliitwa njia ya pembe na ya watumwa ilianza kuwa njia ya vitu vya mkulima na mhunzi. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alipatana na Sultani wa Kilwa auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Na katika karne iliyofuata Kilwa Kivinje ikawa soko kubwa la biashara hiyo, mpaka Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kuikataza baharini mwaka 1873. Nyayo zilizozoeshwa na mzigo wa tumbako ndizo zilizowaonyesha wengine pa kupitia. Sisemi kwamba jani ndilo lenye lawama; nasema kwamba biashara ndogo isiyo na madhara yaweza kuifungulia mlango ile iliyo kubwa na mbaya.

Ilipofika pwani, tumbako ilitumiwaje? Shahidi wetu hapa ni lugha. Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili kilichotoka mwaka 1870, alivitaja viungo vya kiko kimoja kimoja. Bori ni kile kikombe kitiwamo tumbako na kaa la moto. Digali ni mrija ushukao kutoka katika bori mpaka majini. Shilamu ni mrija uendao kinywani. Na kiko chenyewe, kwa maana yake halisi, ni kile chombo kidogo cha maji kilicho katikati. Hata sauti ya maji yakitokota mtu avutapo ilikuwa na jina lake: malio ya kiko. Neno shilamu lafanana na chilam ya Wahindi, ila kwao chilam ni kikombe cha moto, na kwetu likahamia kwenye mrija. Chombo kilisafiri, na majina yake yakabadilishana makao njiani.

Basi wazee wetu hawakutaka moshi mkavu. Waliupitisha majini ili upoe na ulainike, na maji yale yakageuka rangi na kunuka tumbako. Wengine waliuacha moto kabisa. Mla tambuu alikunja jani pamoja na popoo, chokaa na kipande cha tumbako. Mnusa ugoro alisaga tumbako iliyokauka akaichanganya na magadi. Chokaa na magadi havikutiwa kwa pambo. Mwaka 1828 wataalamu wawili wa Heidelberg, Posselt na Reimann, walifaulu kuitenga nikotini, ile sumu iliyo roho ya tumbako; na elimu iliyofuata imeonyesha kwamba vitu vya namna ya magadi na chokaa huifungua nikotini kutoka katika jani, ikapenya upesi katika utando wa kinywa na wa pua. Mtu wa pwani hakulijua jina la nikotini, lakini alijua kwa majaribio ni kitu gani kiifunguacho.

Ushahidi wa karibu zaidi watoka Songea. Huko, katika miaka ya 1930, wakulima walianza kulima kwa ajili ya soko la nje tumbako ikaushwayo kwa moshi, na mwaka 1936 kikaundwa chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo. Majani hutundikwa bandani juu ya moto wa kuni, na moshi huyaingia mpaka yakawa meusi yenye harufu nzito. Kwa hiyo harufu ambayo mvutaji huidhani ni ya jani tu, nusu yake ni ya mti uliokatwa na kuchomwa. Msitu nao humo umo.

Sasa turudi kwa maneno mawili tuliyoanza nayo. Kwamba jambo hili ni jipya, si kweli ila kwa nusu. Chombo cha umeme ni kipya, lakini tamaa ya kuitenga ladha ya tumbako na ukali wa moto ni ya kale, na kiko ni kumbukumbu yake. Kwamba ni safi, hapo ndipo pa kujihadhari zaidi. Wavuta kiko nao waliamini kwamba maji yamewasafishia moshi. Leo twajua kwamba maji huupoza tu, wala hayauondolei sumu. Na jani likilowekwa, kitokacho si harufu peke yake. Wakulima wengi wajua kuloweka tumbako na kuyanyunyiza maji yake ili kuua wadudu wa mazao. Yeye ajitengenezeaye nyumbani hana kipimo cha kujua ametoa nikotini kiasi gani, nayo yaweza kupenya hata katika ngozi ya mkono, na mtoto akiyanywa yale maji yaweza kumwua.

Jambo moja la lugha lanistaajabisha. Leo neno kiko latumiwa kwa chombo chochote cha kuvutia tumbako, hata kilicho kikavu kabisa. Maji yameondoka, jina lao likabaki. Kadhalika yaweza kutokea kwamba moto uondoke katika tumbako ya vijana wetu, na kile kilichowafunga babu zao kikabaki vile vile, katika chupa ndogo, bila moshi wa kumwonya mtu aliye karibu.