Waya wa 1906 Unaopika Githeri Yako

Wasee, leo tuongee koili. Ile ya bedsitta inayokaa chini ya meza, waya wake ukiwaka mwekundu huku tokeni zikiyeyuka. Mtaani koili ni alama ya kuanza maisha: ukipata doo unanunua gesi, ukipata zaidi unanunua jiko la induksheni, koili unamwachia mdogo wako anayeingia campo. Hakuna anayeiheshimu. Lakini hiyo kitu ina historia nzito, na ukiijua utaelewa kwa nini koili yako hukatika kila mara, kwa nini plagi inanuka plastiki, na kwa nini kila mwaka kuna keja inaungua mahali.

Kijana bila digrii

Tuanze Uingereza, 1841. Jamaa anaitwa James Prescott Joule, ana miaka 22, familia yake inatengeneza bia karibu na Manchester. Hakuwahi kusoma chuo kikuu (hapo nampenda zaidi, mnajua sababu). Alipitisha stima kwenye waya, akauzamisha ndani ya maji, akapima joto. Akagundua kwamba joto linategemea vitu viwili: ukinzani wa waya, na mkondo wa stima ukizidishwa kwa wenyewe. Maana yake, mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne.

Shika hiyo sheria vizuri, kwa sababu ndiyo inayokupikia na ndiyo inayoweza kukuchomea nyumba.

Kutoka hapo ilichukua miaka 50 hivi mtu kupika chakula cha maana. 1892, kule Ottawa, Kanada, Thomas Ahearn alipikia wageni wa hoteli mlo mzima kwa ovena ya stima. Mwaka uliofuata, kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, watu walipanga foleni kuona jikoni isiyo na moto. Kila mtu akashangaa. Halafu wakarudi nyumbani kuwasha makaa, kwa sababu jiko la stima lilikuwa na shida moja: waya haukudumu. Chuma kikiwa chekundu huku kinaguswa na hewa, kinashika kutu haraka, kinakuwa chembamba, kinakatika.

Dawa ilipatikana Marekani. Albert Marsh alichanganya nikeli na kromiamu, kwa kawaida kama 80 kwa 20, na Februari 1906 akapewa hataza. Siri iko kwenye kromiamu. Waya ukipata moto, kromiamu inashikana na oksijeni na kutengeneza ngozi nyembamba juu yake. Hiyo ngozi haibanduki ovyo, kwa hivyo inakinga kilicho ndani. Huo ndio waya wa nikromu. Uko kwa koili yako, kwa tosta, kwa hita, kwa blodraya ya salonisti. Zaidi ya miaka 100, bado tuko na Marsh.

Sasa, kwa nini yako inakatika?

Kwa sababu tunaichubua hiyo ngozi. Maziwa ya chai yakifurika, supu yenye chumvi ikimwagika, sukari ikiungulia pale, waya unaanza kuliwa sehemu moja. Pale panakuwa pembamba, pembamba pana ukinzani mkubwa, Joule anaingia kazini, pale panawaka kuliko kwingine, mwisho panakatika. Ukiona kipande kimoja cha koili kinang'aa sana kushinda vingine, hicho ndicho kitakufa. Usingoje kikatike ukiwa katikati ya ugali.

Ikikatika, wengi hufanya nini? Wanasokota ncha mbili, maisha yanaendelea. Hiyo inapika, lakini ile sehemu ya kusokotwa haishikani vizuri, kwa hivyo inapata moto zaidi na kukatika tena hapo hapo. Wengine wanakata kipande kilichoungua na kuvuta koili iliyobaki ijaze nafasi. Hesabu yake ni hii: koili ya wati 1,000 ukiipunguza urefu kwa sehemu moja ya kumi, ukinzani unashuka na wati zinapanda hadi kama 1,111. Ukirudia mara tatu nne una jiko jingine kabisa, kwa waya na plagi zile zile za zamani. Springi mpya ya koili ni bei ya chini dukani kwa vifaa vya stima. Nunua mpya, ya wati zile zile zilizoandikwa kwa jiko lako.

Na kabla hujagusa chochote, chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi haitoshi. Koili ya wazi ina volti 240, haijavaa nguo. Sufuria ya alumini ikibonyea ikagusa waya, au ukikoroga chai iliyofurika kwa mwiko wa chuma, unapigwa shoti. Nyingi za hizi koili zinauzwa na waya mbili tu, bila ule wa athi wa kijani na njano. Kama mwili wa jiko lako ni chuma na halina waya wa athi, hilo ni jambo la kumpelekea fundi leo.

Stima ilifikaje kwetu?

Hapa kuna stori tamu. Shirika la stima lenyewe linaanza historia yake Zanzibar, 1875, Sultani Barghash aliponunua jenereta ya kuangaza kasri lake na mitaa ya karibu. 1908, mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akainunua, na Mombasa ikapata kampuni yake ya stima. Mwaka huo huo injinia Clement Hertzel akapewa haki ya kuwasha Nairobi. 1922 kampuni hizo mbili zikaunganishwa kuwa East African Power and Lighting, na 1983 jina likabadilika kuwa Kenya Power and Lighting.

Angalia majina hayo tena: Lighting. Taa. Mfumo ulijengwa kwa ajili ya taa, tena za watu wachache. Ndio maana ploti nyingi hadi leo zimefungwa waya kama kwamba mpangaji atawasha balbu na redio tu. Halafu wewe unaleta koili ya wati 1,000, birika la 2,000 na pasi ya 1,000 kwa ekstensheni moja. Hiyo ni wati 4,000. Kwa volti 240, karibu ampia 17.

Plagi yetu ya pini tatu za bapa ni ya Waingereza, kiwango cha 1947, baada ya vita. Shaba ilikuwa adimu, wakabuni njia ya kufunga nyumba kwa waya mchache, na ulinzi wakauweka ndani ya plagi yenyewe: fyuzi. Kubwa zaidi ni ampia 13, yaani wati 3,120 kwa stima yetu. Ndiyo ile kitu ndogo kama kidonge. Ikiungua inakuambia umezidisha. Ukiweka kipande cha waya badala yake, umemfukuza askari na kumwachia mwizi funguo.

Kwa hivyo koili isipowaka, fuata mpangilio huu. Kwanza chomeka chaja ya simu kwa soketi ile ile uone kama kuna stima. Kama iko, chomoa koili, fungua plagi kwa bisibisi, badilisha fyuzi kwa nyingine ya ampia zile zile. Ukiwa hapo, angalia skrubu kama zimelegea na waya kama zimekuwa nyeusi. Skrubu iliyolegea ndiyo inayonukisha plastiki: haishikani vizuri, ukinzani unapanda, Joule tena. Mwisho angalia koili yenyewe kama imekatika. Kama vyote viko sawa na bado haiwaki, ni swichi au waya wa ndani, mpe fundi.

Wenye kuka za maana pia

Msicheke, nyinyi wa kuka ya gesi tatu na stima moja. Lile duara jeusi la stima ni chuma, linashika kutu. Ukiliosha, liwashe dakika chache likauke, kisha lipake mafuta kidogo sana likiwa limepoa.

Wa kioo, asanteni kwa ajali ya 1953. Donald Stookey, mtafiti wa Corning kule Marekani, aliacha kioo kwenye tanuri, joto likapanda hadi kama digrii 900. Badala ya kuyeyuka, kioo kikageuka cheupe, na kilipoanguka sakafuni hakikuvunjika. Hapo ndipo familia ya kioo kinachovumilia joto la jiko ilizaliwa. Kinavumilia joto, ila sufuria nzito ikikidondokea ni stori nyingine. Kikipata ufa, zima na usitumie tena, maana maji yatapita hadi kwa stima.

Na wa induksheni, kabla ya kusema jiko ni feki, jaribu sumaku kwa tako la sufuria. Induksheni inapasha moto chombo chenyewe kwa nguvu ya sumaku, na sufuria zetu za alumini hazishiki sumaku. Jiko zima, sufuria ndiyo imekataa. Pia usizibe matundu ya feni wala usichomoe kabla feni haijanyamaza.

Maoni yangu

Hosteli nyingi hupiga marufuku koili. Hofu yao naielewa, moto wa hosteli si mchezo. Lakini marufuku haijawahi kuua njaa. Inachofanya ni kusukuma koili chini ya kitanda, karibu na godoro, kwa ekstensheni nyembamba iliyofichwa chini ya kapeti. Pale pale ambapo sheria ya Joule ni hatari zaidi. Chumba kimoja cha kupikia kwa kila ghorofa, chenye soketi imara na waya mnene, kingeokoa watu kuliko msako wa saa tano usiku.

Stima yetu nyingi inatoka kwa mvuke wa Olkaria, maji na upepo. Tunaambiwa tuhame makaa, na mimi nakubali kabisa. Basi mwenye ploti afunge waya za kupikia, sio za taa za 1922. Na wewe, usiku wa leo kabla ya kulala, gusa plagi yako ukishapika. Ikiwa ya moto, usiingoje ikuamshe.