Itsukushima: Kisiwa Kinachozungukwa kwa Mashua

Katika somo la tafsiri, neno "hekalu" huwaponza wanafunzi wengi. Kila mahali pa ibada pasipo msikiti wala kanisa huitwa hekalu, na mambo huishia hapo. Makala haya yanachunguza mahali pamoja ambapo neno hilo halitoshi: kisiwa cha Itsukushima nchini Japani, ambacho wengi hukiita Miyajima. Hoja yetu ni kwamba historia yake haisomeki vyema kwa kulitazama jengo lake maarufu tu. Husomeka kwa kukizunguka kisiwa chenyewe kwa mashua.

Kisiwa hiki kimo katika Bahari ya Ndani ya Seto, karibu na mji wa Hiroshima. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 30 hivi, na kilele cha mlima wake, Misen, kina mita 535. Tangu kale watu walikiona kisiwa chote kuwa kitakatifu, wakakiabudu kwa mbali. Ndiyo sababu jengo la ibada lilisimamishwa ufukweni juu ya nguzo. Maji yakijaa huonekana kana kwamba linaelea, yakipwa husimama juu ya tope. Mapokeo husema lilianzishwa mwaka 593 na Saeki no Kuramoto. Umbo lake la fahari lilitokana na Taira no Kiyomori, mtawala wa kijeshi, aliyelijenga upya mnamo 1168. Lango kubwa jekundu linalosimama baharini leo ni la mwaka 1875.

Utakatifu huo ulikuwa na masharti yake. Haikuruhusiwa kuzalia wala kuzikia kisiwani. Mja mzito alivushwa ng'ambo, na maiti vilevile. Mwaka 1555 Mōri Motonari aliwashinda adui zake papo hapo kisiwani. Husimuliwa kwamba baada ya vita aliamuru maiti wavushwe bara na udongo ulioingia damu uchimbwe na kutupwa. Hata mshindi, basi, alijiona amekosa mbele ya kisiwa.

Ziara ya mashua inatokana na imani hiyohiyo. Masimulizi yanaeleza kuwa miungu watatu wa kike walipofika, walikizunguka kisiwa wakitafuta mahali pa kukaa, wakiongozwa na kunguru. Wanaofanya ziara hufuata njia hiyo. Hutoka upande wa jengo kuu na kukizunguka kisiwa huku kikiwa mkono wao wa kuume. Njiani hutoa heshima katika vijumba saba vya ibada vilivyo kwenye hori saba: Suginoura, Takanosu, Koshiboso, Aonori, Yamashiro, Suya na Mitoko. Vingi vimejitenga chini ya msitu, mbali na maduka na makundi ya watalii. Siku hizi mashua huenda kwa injini, lakini mpangilio wa vituo haujabadilika.

Kilele cha safari ni mbele ya Yabusaki, ambapo hakuna anayeshuka. Kuhani huweka matonge ya unga wa mchele juu ya maji, na filimbi hupigwa. Kisha watu husubiri. Inatazamiwa kunguru wawili, dume na jike, watoke msituni na kuyachukua matonge hayo. Wakija, ibada imekubaliwa. Wasipokuja, mapokeo husema pana mtu asiye safi miongoni mwa waliomo chomboni. Hapa ndipo ziara hii inapotofautiana na maonyesho ya watalii: makuhani wana ujuzi na vifaa vyote, lakini uamuzi wa mwisho haumo mikononi mwao.

Mwaka 1868 serikali mpya ya Japani iliamuru Shinto na Ubudha vitenganishwe. Kabla ya hapo, dini hizo zilikuwa zimechanganyika Itsukushima kwa karne nyingi. Kiyomori mwenyewe alikuwa ametoa hapo wakfu wa hati za Kibudha. Sanamu zikahamishwa, naye Benzaiten, aliyehesabiwa kuwa sawa na mmoja wa wale watatu, akawekwa katika hekalu la Kibudha la Daiganji lililo jirani. Amri iliweza kuhamisha vitu vilivyomo ndani ya majengo. Njia ya baharini haikuwa na kitu cha kubebwa. Ilikuwa katika kumbukumbu za makuhani na manahodha, na katika majina ya hori. Mwaka 1996 UNESCO iliandika mahali hapa katika orodha ya Urithi wa Dunia, pamoja na msitu wa Misen.

Sasa turudi kwenye msamiati. "Hekalu" linaifaa Daiganji, kwa kuwa ni jengo. Kwa vijumba vya horini, neno la pwani "mzimu", kwa maana ya mahali pa kutambikia, liko karibu zaidi, kwa sababu humwonyesha msomaji mahali kabla ya kumwonyesha kuta. Kwa safari yenyewe, "hija" na "kutufu" yana uzito wa Kiislamu usioweza kupuuzwa. "Ziara" inatosha, mradi mfasiri aeleze kwamba ni ya kuzunguka. Mwalimu asimwachie mwanafunzi neno la kwanza linalomjia. Akisema tu "walikwenda hekaluni", msomaji ataliona lango jekundu, na kunguru wa Yabusaki hatawajua kamwe.